Kijiko cha Lumbesa: Kwa Nini Chumvichumvi Hupimwa kwa Gramu

Mvua zikianza Mwanza na Mto Mirongo ukabeba taka za vilimani kuelekea ziwani, neno kipindupindu hurudi midomoni mwa watu. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulipanda hadi huku Kanda ya Ziwa, na mwanzoni mwa 2024 Simiyu na Mwanza zilikuwa tena zinahesabu wagonjwa. Kila mara swali linalofuata ni moja: pakiti za chumvichumvi, yaani ORS, zikikosekana, nichanganye vipi nyumbani? Na jibu linalozunguka mitaani ni fupi: nusu kijiko chumvi, vijiko sita sukari, lita moja ya maji. Namba hizo ni sahihi. Lakini zimetembea sana hadi zimepoteza maneno mawili njiani. Kijiko kilichokusudiwa ni cha chai, na kinatakiwa kifutwe juu kikawa sawa na ukingo wake. Bila maneno hayo, maji ya kumwokoa mtoto anayeharisha yanaweza kuwa maji ya kumwongezea hatari, na sababu yake si siri ya kitabibu. Ni jambo ambalo kila mwuza dagaa wa Kirumba Mwaloni analijua, ila hajaambiwa kwamba linahusu pia jikoni kwake.

Mwaloni dagaa huuzwa kwa sado na debe. Muuzaji anajua kwamba debe la dagaa wakavu na debe la mahindi yanajaza chombo kilekile cha lita 20, lakini hakuna anayeweza kumshawishi kwamba uzito wake ni mmoja. Debe la mahindi ni kilo 15 au zaidi. La dagaa mtu hulibeba kwa mkono mmoja huku anapiga simu. Ujazo ni ule ule, tungamo ni nyingine, na kinachosimama katikati ya hivyo viwili ni densiti: gramu ngapi zimo ndani ya kila mililita. Ukitaka kutoka kwenye ujazo kwenda kwenye gramu, zidisha kwa densiti. Ukitaka kurudi, gawanya. Hesabu yenyewe haizidi hapo. Aliyetupotosha ni maji, kwa sababu mililita moja ya maji ina takribani gramu moja kamili, na tumekua tukidhani kila kitu kina tabia hiyo. Chukua kijiko cha chai cha mililita 5 kilichofutwa juu. Kikiwa na maji ni gramu 5. Kikiwa na mafuta ya kupikia ni gramu 4.6, na ndiyo maana mafuta huelea. Kikiwa na sukari ni gramu 4 na kidogo, kikiwa na chumvi laini ni gramu 6, kikiwa na asali ni gramu 7. Kikiwa na dhahabu ni karibu gramu 97, na huko Geita ng'ambo ya ghuba hakuna anayeuza dhahabu kwa kijiko.

Chumvi na sukari zina utata wa ziada ambao maji na mafuta hayana, na hapa naomba msomaji avumilie kidogo. Punje moja ya chumvi, ikipimwa peke yake, ina densiti ya gramu 2.16 kwa mililita. Punje ya sukari ina 1.59. Mbona basi kijiko cha mililita 5 cha chumvi hakina gramu 10.8 bali 6 tu? Kwa sababu karibu nusu ya kijiko hicho ni hewa. Punje hukaa zikigusana kwenye kona, na kati yake hubaki mianya. Mwanza, mji uliojengwa juu ya mawe na wenye wagonga kokoto kila upande, haupaswi kushangazwa na jambo hili. Jaza ndoo kokoto hadi juu, kisha mimina mchanga: utaingia. Mchanga ukijaa, mimina maji: nayo yataingia. Ndoo "iliyojaa" haikuwa imejaa. Kwa hiyo uzito wa kijiko cha chumvi hautegemei chumvi tu, unategemea punje zilivyojipanga. Chumvi ya mawe, yenye punje kubwa, huacha mianya mikubwa ukutani mwa kijiko kidogo na huwa nyepesi kwa kijiko kuliko chumvi laini. Chumvi yenye punje kubwa na ndogo pamoja hujibana zaidi, kwa sababu ndogo huingia kwenye mianya ya kubwa. Hata kugonga chombo kunatosha kubadili mambo: mimina chumvi kwenye glasi ya kioo, weka alama ya kalamu mahali ilipofika, kisha igonge glasi mezani mara ishirini. Chumvi itashuka chini ya alama bila punje hata moja kutoka. Gramu ni zile zile, ujazo umepungua, densiti imepanda mbele ya macho yako.

Halafu kuna lumbesa. Tanzania nzima inaijua: gunia limejaa, kisha linashonewa kilemba cha nyavu na kujazwa tena, mkulima analipwa gunia moja. Wakala wa Vipimo umepiga vita lumbesa kwa miaka mingi kwa hoja rahisi kwamba gunia si kipimo cha uzito. Kijiko nacho si kipimo cha uzito, na kichuguu kinachosimama juu yake ni lumbesa ndogo. Kichuguu cha wastani kikiongeza nusu ya ujazo, kijiko cha mililita 5 kimekuwa cha 7.5, na gramu 6 za chumvi zimekuwa 9.

Sasa tuweke gramu hizo mahali zinapofanya kazi, yaani ukutani mwa utumbo mwembamba. Bakteria wa kipindupindu hutoa sumu inayozilazimisha seli za utumbo kufungua milango ya kloridi na kuiacha wazi. Kloridi inatoka, sodiamu inaifuata, maji yanafuata vyote viwili, na mtu mzima anaweza kupoteza lita nzima kwa saa. Ukimpa maji matupu yanapita tu. Ukimpa chumvi peke yake hali ni ileile, kwa kuwa njia ya kawaida ya kuinyonya imevurugwa. Lakini kuna mlango mmoja ambao sumu hiyo haiugusi. Ni protini iitwayo SGLT1, na inavutia kuliko mashine yoyote aliyotengeneza binadamu. Haifunguki kwa sodiamu peke yake wala kwa glukosi peke yake. Ni lazima chembe mbili za sodiamu zikae kwenye nafasi zake, glukosi moja ikae kwenye ya kwake, ndipo protini nzima inajikunja, inafunga upande wa nje na kufungua upande wa ndani. Sodiamu na glukosi zikiingia, maji yanazifuata kwa osmosisi, yaani maji kuvutwa kwenda upande wenye chembe nyingi. Robert Crane alieleza wazo hili la usafiri wa pamoja Prague mwaka 1960, na mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash wakalithibitisha kwa wagonjwa wa kipindupindu Dhaka, katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Jarida la The Lancet mwaka 1978 liliandika kwamba ugunduzi huu huenda ndio mkubwa kuliko yote ya tiba katika karne ile. Sidhani walizidisha.

Jambo la kushika katika maelezo hayo ni kwamba SGLT1 inahesabu chembe. Haijui vijiko. Ndiyo maana pakiti ya ORS ya leo imeandikwa kwa gramu: kwa lita moja ya maji, chumvi 2.6, glukosi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5 na sitrati ya sodiamu 2.9, jumla 20.5. Hizo hutoa milimoli 75 za sodiamu na 75 za glukosi (milimoli ni kipimo cha idadi ya chembe), uwiano mmoja kwa mmoja, na chembe zote kwa pamoja ni milimoli 245 kwa lita, chini kidogo ya damu yenye karibu 290. Kule kuwa chini kidogo ndiko kunakoyavuta maji yaingie mwilini badala ya kutoka. Linganisha na mchanganyiko wa nyumbani uliopimwa kwa kijiko cha chai kilichofutwa. Nusu kijiko cha chumvi ni gramu 3, sawa na milimoli 51 za sodiamu. Vijiko sita vya sukari ni takribani gramu 25. Utumbo ukizikata vipande viwili tunapata milimoli 73 za glukosi na nyingine 73 za fruktosi. Jumla ya chembe ni karibu 249. Sodiamu iko chini kuliko ya pakiti, potasiamu haimo, lakini nguvu ya kuvuta maji karibu ni ile ile. Aliyechagua vijiko hivyo alifanya hesabu ya densiti kwanza, kisha akaificha ndani ya kijiko ili mama asihitaji kuifanya.

Tuvuruge sasa kijiko. Mtu aliyesikia "nusu kijiko" na anachota kwa kijiko cha chakula, ambacho ndicho kinachopatikana kwa urahisi nyumba nyingi, amechota mililita 7.5 za chumvi, yaani gramu 9. Mwingine aliyesikia "kijiko" bila "nusu", akachota cha chai na kuacha kichuguu, naye amefika gramu 9. Njia mbili tofauti, kosa moja. Gramu 9 kwa lita ni chumvi ya dripu ya saline, milimoli 154 za sodiamu, wakati damu ya mtu mwenye afya ina kati ya 135 na 145. Ongeza sukari na chembe zinapanda hadi karibu 454. Hapo osmosisi inageuka: badala ya utumbo kunyonya maji, mwili unayamwaga ndani ya utumbo kwenda kuizimua ile chumvi. Mtoto anaharisha zaidi, mama anaona dawa haitoshi, anachanganya nyingine kwa kijiko kile kile.

Atakayeuliza kwa nini dripu yenye chumvi hiyo hiyo haiui hospitalini anauliza vizuri. Dripu inaingia kwenye mshipa bila kupita ukuta wa utumbo, haina sukari ya kuongeza chembe, na anayeifungua anamwangalia mgonjwa. Pia husemwa kwamba figo zitaondoa chumvi iliyozidi. Za mtu mzima aliyeshiba maji zitaondoa. Za mtoto mchanga bado hazina uwezo wa kukoleza mkojo kama za mkubwa, na mwili uliokaukiwa maji umekwisha kupunguza mkojo ili ujihifadhi, kwa hiyo chumvi haina pa kutokea. Sodiamu ikipanda kwenye damu, seli za ubongo hunyang'anywa maji na kusinyaa. Mtoto anakuwa na kiu kali, anahangaika, analegea, kisha anapata degedege. Na degedege katika sehemu nyingi za ziwa hili bado ina watu wanaodai kuimiliki: wa chale, wa moshi, wa hirizi. Nasema bila kuzunguka kwamba mtoto anayekauka maji akipelekwa kufukizwa moshi anaibiwa saa ambazo hana.

Pingamizi zito zaidi ni lile la wazoefu: mama zetu walichanganya kwa kukadiria na watoto walipona, mbona sasa tunatafuta mizani? Lina ukweli ndani yake. Mchanganyiko ule una nafasi ya kukosea. Nusu kijiko cha chai chenye kichuguu hufika gramu 4.5, milimoli 77, na hilo bado liko jirani na pakiti. Ndivyo ulivyopangwa, sodiamu iwe chini makusudi ili mkono ukizidi kidogo usidhuru. Lakini nafasi hiyo ni ya mkono uliozidi kidogo, haitoshi kwa kijiko kilichobadilika kuwa kikubwa mara tatu. Wanaotolea mfano Bangladesh, ambako shirika la BRAC lilifundisha mamilioni ya kina mama katika miaka ya 1980 kuchanganya kwa mfinyo wa vidole vitatu wa chumvi na konzi ya sukari guru, husahau nusu ya habari. Wafundishaji walipita nyumba kwa nyumba, sampuli za maji waliyochanganya kina mama zilipelekwa maabara kupimwa sodiamu, na malipo ya mfundishaji yalitegemea jinsi kina mama walivyokumbuka. Vidole vile vilikuwa vimepimwa kwanza. Konzi isiyopimwa ni konzi tu.

Na tazama jinsi dunia ilivyohangaikia gramu. Pakiti ya awali ilikuwa na gramu 3.5 za chumvi. Baada ya miaka ya majaribio, WHO na UNICEF waliishusha mwaka 2002 hadi 2.6, pamoja na kupunguza glukosi, kwa kuwa watoto waliopata ile nyepesi walitapika mara chache zaidi, na wachache zaidi walihitaji dripu. Tofauti ya chumvi ni gramu 0.9. Igawe kwa densiti ya chumvi laini ikiwa kijikoni, gramu 6 kwa mililita 5, yaani 1.2: ni robo tatu za mililita, chini ya sehemu ya sita ya kijiko cha chai. Dunia nzima ilibadilisha viwanda vyake kwa ajili ya kiasi ambacho mtu humwaga mezani akifungua pakiti ya chumvi. Mwaka 1971, Dilip Mahalanabis alipozidiwa na wakimbizi wenye kipindupindu kambini Bangaon, India, dripu zikiwa zinakwisha, timu yake haikugawa chumvi na sukari kwa makadirio. Walipima kwa mizani Calcutta, wakatia kwenye mifuko ya plastiki, wakaiziba kwa pasi ya moto na kuipeleka kambini ikiwa tayari. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Pakiti tunayoipata leo kituo cha afya ni mjukuu wa mifuko ile, na kazi yake kubwa ni kumwondolea mama hesabu ya densiti.

Hadithi nyingine zimalizwe haraka. Kwamba mgonjwa wa kuhara asinywe maji kwa sababu yatamwongezea kuhara: kinachomuua ni maji yaliyotoka bila kurudishwa. Kwamba soda inatosha: lita ya soda ina zaidi ya gramu 100 za sukari, mara nne ya inayotakiwa, na sodiamu karibu haimo, kwa hiyo huvuta maji kwenda utumboni. Kwamba asali ya Tabora ni bora kuliko sukari, kijiko kwa kijiko: kijiko cha chai cha asali ni gramu 7, na hata ukiondoa maji yaliyomo hubaki sukari nyingi kuliko kijiko cha sukari yenyewe; na mtoto chini ya mwaka mmoja hapaswi kupewa asali kabisa, kwa hatari ya sumu ya botulini. Kwamba chumvi nyingi "inaua wadudu" tumboni: chumvi ya kuua kipindupindu ingemuua mgonjwa kwanza, na vijidudu hivi huishi vizuri kwenye maji yenye chumvi ya pwani, mito inapokutana na bahari.

Wale wanaouza unga wa majani kwenye stendi za Nyegezi na Buzuruga kwa kipaza sauti, "kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, unatibu tumbo lote", nina swali moja kwao. Kijiko kipi, chenye gramu ngapi, za kitu gani, kwa nani? Unga uliotwangwa laini na ule wa jana uliobaki na vipande hauwezi kuwa na uzito mmoja kwa kijiko. Asiyeweza kutaja gramu hajui anampa mtu nini, hata kama majani yake yangekuwa na dawa ndani. Famasi nayo isamehewe tu pale inapotoa kifaa: dawa ya maji ya mtoto ipimwe kwa bomba la sindano au kikombe chenye alama za mililita kilichokuja nayo, maana kijiko cha nyumbani huweza kuwa nusu ya kilichokusudiwa au mara mbili yake.

Ya kufanya ni haya. Weka pakiti za ORS nyumbani kabla ya mvua, na soma imeandikwa lita ngapi, maana si zote ni za lita moja. Lita ipimwe kwa chupa iliyoandikwa, au chupa mbili za mililita 500, na maji yawe yamechemshwa au kutiwa dawa. Ukikosa pakiti, kwa lita moja ya maji: chumvi laini, kijiko cha chai, futa juu kwa mgongo wa kisu, gawa utumie nusu, sukari vijiko sita vya chai, kila kimoja kimefutwa. Yakipita saa 24, mwaga. Anayenyonya aendelee kunyonya. Omba vidonge vya zinki kituo cha afya. Kuhara kwa maji meupe kama ya kuoshea mchele, macho kuzama, mtoto asiyeweza kunywa au aliyelegea: mnyweshe njiani huku unampeleka, usisubiri asubuhi.

Na kabla ya kumpa, onja. Machozi yana chumvi karibu sawa na damu, kwa hiyo huo ndio ukomo wa juu. Mchanganyiko uliopimwa vizuri huwa na chumvi pungufu kuliko machozi. Maji yakikujia mdomoni na chumvi kali zaidi ya hapo, usiongeze maji kwa kukisia. Yamwage, suuza chombo, uanze upya na kijiko cha chai.